Kilo Nne za Ulezi

Jumatano, 12 Juni

Nimebadilisha maji ya ulezi asubuhi kabla ya kwenda mashineni, na tena niliporudi. Mara ya nne hiyo. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama udongo wa barabara yetu hapa Mshangano. Ya leo ni safi. Unga wa mahindi bado uko masikioni mwangu. Nimenawa mara mbili.

Ulezi ni kilo nne tu. Baada ya mazishi shemeji zangu walibeba magunia, wakabeba vyungu, wakabeba na jiwe la kusagia. Ndoo hii hawakuiona. Ilikuwa uvunguni, upande wa Anastazia. Alikuwa akiificha panya wasiifikie.

Naandika ya kikao cha Jumapili kule Maposeni, nisije nikayabadilisha kichwani. Kwa ukoo wa mke wangu, pombe ya kumaliza matanga hupikwa kwa nafaka aliyoiacha marehemu mwenyewe. Chungu kimoja, cha wazee. Siku zote hupikwa na dada zake. Safari hii Skola, dada yake mkubwa, alisimama akasema, "Sisi tumekaa, tumeona shemeji apike mwenyewe. Si anasema anaweza kumlea mtoto wa kike peke yake? Mtoto ni kupikiwa. Aanze na hiki chungu tumwone."

Walicheka. Mama mkwe aliangalia mikono yake. Baba mkubwa Kasiani, ndiye anayeongoza mambo ya ukoo, aliuliza kama nimekubali. Nikasema nimekubali baba. Ningesema nini.

Siku ni Jumamosi tarehe 6 Julai. Pombe ikikubaliwa, mwanangu Tekla anarudi nyumbani. Isipokubaliwa, anabaki kwa bibi yake.

Tekla ana miaka minane. Yuko kule tangu tulipomzika mama yake mwezi wa nne.

Sijawahi kupika pombe. Nimeishi miaka kumi na mmoja na mpika pombe.


Ijumaa, 14 Juni

Ulezi nimeuchuja jana, nikautandaza juu ya majani ya mgomba na kuufunika kwa gunia lenye unyevu. Leo nimefunua nikakuta punje zimeanza kutoa ncha nyeupe. Ndogo kama chumvi. Nimechuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Anastazia alikuwa akifunua gunia ananusa kwanza, ndipo anaangalia. Nami nimenusa. Harufu ya tango. Sikujua inatakiwa kunuka tango au la.


Jumamosi, 15 Juni

Mwalimu Massawe, jirani yetu, ni mtu wa Rombo. Kwao nao wanapika pombe ya ulezi na ndizi. Nilimpelekea kimea akione. Akasema kimea ni kizuri, ila kilo nne hazifiki chungu cha wazee. Labda nusu chungu, tena nyepesi. Wazee hawatasema haitoshi. Watasema marehemu kakataa.

Nimejisikia vibaya sana. Nilijua hazitoshi. Nilikuwa nangoja mtu aniambie zinatosha.

Mwalimu akaingia ndani akatoka na kopo kubwa la bati. Mdogo wake aliye Dar alimtumia. Ndani ni kimea kilichokwisha kupikwa mpaka kikawa kizito kama asali, cheusi kidogo. Nimeonja kwa kidole. Kitamu, kinaacha uchungu nyuma ya ulimi. Anasema huko wanaotengeneza bia nyumbani hufanya hivi: nafaka kidogo kwa ajili ya ladha, kopo kwa ajili ya nguvu. Unaloweka kimea kwenye maji ya moto yasiyochemka, unakitoa, unamimina kopo, unachemsha. Ana kipimajoto, ana ndoo yenye mfuniko, ana hamira ya pombe kwenye pakiti.

Nikamwambia wao wanataka nafaka yake.

"Kwani haitakuwemo?" akasema. "Mzee Yohana, utakuwa umeongeza maji ya mboga, hujabadilisha mboga."

Nimelichukua kopo. Nimeliweka juu ya kabati. Sijaamua.


Jumatatu, 17 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Kimea hakikauki. Nimekiingiza ndani, nimekitoa, nimekiingiza tena. Tajiri wa mashine kaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Kina mama wa foleni wameshapata habari. Mmoja akasema, "Baba Tekla, tukushonee gauni au kitenge kitatosha?" Wengine wakashika mbavu. Nami nilicheka. Baadaye nilikosea chekeche, nikamsagia mtu dona badala ya sembe.

Jioni Skola kapita akitokea sokoni. Hakukaa. Alizunguka kimea mara moja, akachota, akaacha kimwagike polepole kati ya vidole.

"Hii ndiyo ya mdogo wangu?"

"Ndiyo shemeji."

"Mbona kama chakula cha kuku."

Kisha akaingia chumbani bila kubisha hodi, akatoka na sweta la Anastazia la rangi ya maziwa. Akasema baridi ya mwaka huu ni kali. Alilivaa palepale. Linambana. Nilisimama tu. Kwapani pana mahali nilipolishona mimi, kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Anastazia alisema sitaaminiwa na sindano tena maisha yangu yote.

Namchukia Skola. Nimeandika. Nitalipeleka kitubioni, lakini nimeandika.


Alhamisi, 20 Juni

Kimea kimekauka. Nimekisaga.

Anastazia hakuniruhusu hata siku moja kupeleka kimea mashineni. Alisaga kwa jiwe, amepiga magoti, nami nina mashine nzima ninayoiendesha. Nilidhani ni ukaidi. Jiwe wamelichukua, basi nikaona leo nimfanyie kazi nzuri. Nimetumia chekeche ndogo kabisa, nikapitisha mara mbili. Umetoka unga laini kama poda ya mtoto. Miaka kumi na sita nasaga, sijasaga unga mzuri kama ule.

Nilijivuna. Niliuonyesha watu wawili.


Jumamosi, 22 Juni

Siku mbaya. Nitaandika kwa utaratibu.

Tulianza saa mbili kwa Mwalimu. Maji kwenye sufuria kubwa, kipimajoto ndani. Yalipofika nyuzi sitini na nane tukaondoa kuni. Kimea tulikitia kwenye mfuko wa shuka jeupe, tukauzamisha. Kikae saa nzima, utamu utoke.

Baada ya saa nzima tukauinua. Hautoi maji. Ndani umekuwa tope. Unga ulikuwa laini mno, umejishika, umeziba shuka lote. Tukaukamua, shuka likapasuka, nusu ya tope ikaanguka chini kwenye majivu. Nusu.

Mwalimu alishika kile kilichobaki, akakisugua kwa vidole. Akauliza nani alisaga. Nikasema mimi. Akasema kimea hakisagwi hivi, kinavunjwa tu. Punje ipasuke, ganda libaki, ganda ndilo linalochuja. Alisema kwa upole. Ingekuwa afadhali atukane.

Kumbe ndiyo maana ya jiwe.

Kilichotoka ni maji ya kahawia, kama lita nne. Mwalimu aliyaonja akasema yana utamu kidogo. Kidogo. Basi likaja kopo. Nilikwenda kulichukua mwenyewe juu ya kabati, nikalifungua mwenyewe kwa kisu. Tulimimina lote. Liliporomoka taratibu, likazama, nikakoroga lisishike chini likaungua. Likachemka saa nzima. Povu lilipanda mara moja likazima moto upande mmoja.

Tukapoza ndoo ndani ya beseni la maji ya kisima. Tukatia hamira. Tukafunika.

Mwalimu anasema ni nusu kwa nusu, ulezi na kopo. Ana huruma. Nimewasagia watu unga maisha yangu yote, najua nusu ni nini. Haifiki robo.


Jumapili, 23 Juni

Misa ya kwanza, kisha Maposeni. Nimebeba mkate na sabuni kwa mama mkwe.

Tekla amenyolewa. Hakukimbia kuja. Alinisalimia, "Shikamoo baba," akasimama pale kama mgeni anayesubiri soda. Tulikaa kwenye gogo nje. Nikamwambia pombe ya mama iko kwenye ndoo. Akauliza kama ndoo ni ile ya bluu ya uvunguni. Nikasema hapana, ni nyeupe, ya Mwalimu.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Baba, ni kweli siku ile ulichagua mahindi?"

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema mama mkubwa.

Siku ile asubuhi Anastazia aliniambia kichwa kinamuuma na macho yanaona giza. Nikampa vidonge viwili. Kulikuwa na foleni, watu wametoka mbali na mahindi yao. Nikaenda. Saa sita wakaja kuniita, na mwili wake ulikuwa umeshapoa. Presha, walisema hospitali.

Nikamwambia Tekla ni kweli nilikwenda kazini. Ni kweli.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akaenda kucheza rede na binamu zake, kurushiana mpira na kuukwepa. Anacheza vizuri. Ana nguvu.

Nimerudi kwa miguu mpaka njia panda ya lami. Sikutaka watu wanione kwenye gari.


Jumanne, 25 Juni

Pombe haichachi. Siku tatu. Nimeweka sikio kwenye ndoo. Kimya. Juu ni kama chai iliyolala.

Mwalimu anasema ni baridi, hamira imelala. Songea ya mwezi wa sita si mahali pa hamira, akasema. Nimeihamishia ndoo nyumbani kwangu, nimeisogeza karibu na jiko la mkaa. Nimeivika blanketi la kitandani.

Blanketi lile ndilo tulilokuwa tukigombania. Yeye alikuwa akilivuta lote, halafu asubuhi anakana.

Nimejikuta naiambia ndoo, usinifanyie hivi.


Alhamisi, 27 Juni

Inachacha!

Nilipoamka nilisikia kitu kama mtu anamung'unya. Nimefunua. Povu limepanda vidole vitatu, zito, la rangi ya kahawa ya maziwa. Nimekaa chini sakafuni. Nimelia kidogo. Kwa furaha, nadhani.

Nimekwenda kazini kwa kuchelewa na sikuomba radhi.


Jumapili, 30 Juni

Tumeonja, mimi na Mwalimu, kikombe kimoja cha bati. Ni nzuri. Sisemi kwa sababu nimepika mimi. Ni nyeusi kuliko ya Anastazia, na nzito, na ina uchungu ambao yake haikuwa nao. Lakini mwishoni kabisa, ukishameza, kuna ulezi. Unakuja nyuma kama mtu aliyechelewa.

Mwalimu akanikumbusha jambo. Nilikuwa nalijua, nilikuwa naliepuka. Kabla ya kunywa, Baba mkubwa Kasiani atauliza mbele ya watu wote: nafaka hii ni ya nani? Na aliyepika hujibu. Ndiyo desturi yao. Mwalimu akasema, "Utajibu ni ya Anastazia. Si uongo. Kopo halina jina la mtu."

Nikasema nitajibu hivyo.


Jumatano, 3 Julai

Skola katuma mtu kuuliza kama nahitaji msaada au kama wanunue pombe ya kilabuni ya akiba. Mjumbe mwenyewe alikuwa anazuia kicheko. Nimempa kikombe. Alikunywa chote, akafuta mdomo, akasema, "Ee, shemeji!" Kisha akaondoka mbio kupeleka habari.

Nimepaka chokaa chumba cha Tekla. Nimetundika chandarua. Nimenunua kandambili nyekundu. Nikikisia mguu wake nakosa. Nimechukua saizi mbili, nitarudisha moja.


Ijumaa, 5 Julai

Nimeihamishia pombe kwenye chungu. Mama mkwe kanirudishia chungu kimoja cha Anastazia kwa ajili ya kesho, kimeletwa kimefungwa kwa kanga. Ni kile chenye ufa kwenye mdomo. Alikuwa akiuweka ufa upande wa ukutani wageni wasiuone.

Nimefanya mazoezi ya jibu. Ni ya Anastazia. Nimelisema nikifagia, nimelisema nikinyoa ndevu. Linatoka vizuri.


Jumamosi, 6 Julai

Misa ilikuwa saa tatu. Makaburini tumepalilia, tumeweka maua. Kisha nyumbani kwa wakwe, Maposeni, watu kama hamsini. Chungu kikawekwa katikati, kwenye mkeka. Tekla alikuwa amevaa gauni jeupe, amekaa miguuni pa bibi yake. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Nililiona. Mama mkwe ndiye aliyelifunga.

Baba mkubwa Kasiani alivua kofia. Akasema kwa Kingoni, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Nafaka hii ni ya nani?

Nilisimama. Anastazia hakunidanganya hata mara moja, hata kwenye bei ya nyanya. Yuko pale, hatua mia tatu, udongo bado haujalala. Na Tekla alikuwa ananiangalia. Tangu mazishi hajaniangalia vile.

Nikasema, "Baba, nafaka ni ya Anastazia, lakini ni kidogo. Haifiki robo. Niliiharibu kwa kuisaga vibaya. Nyingi ni kimea cha kopo, nilipewa na jirani."

Kuku walizidi kuchakura.

Nilidhani watasimamisha. Hawakusimamisha. Baba mkubwa alichota kwa kata ya kibuyu, akamwaga kidogo chini, akanywa. Akanywa tena. Akampa wa kulia kwake. Kata ikazunguka. Wazee wakasema tamu. Mmoja akasema hajanywa pombe kama hii tangu ujana wake. Wakaita na waliokuwa nje. Skola alikunywa kata mbili, nilihesabu. Waliinamisha chungu kufikia ya chini. Walikausha.

Ndipo Skola akajifuta mdomo na kusimama.

"Tumekunywa, tumeshiba, ahsante shemeji. Sasa tuambiane ukweli. Hii ni pombe ya dukani. Mdogo wangu tumemwondolea matanga kwa kopo. Mtu aliyepewa kilo nne za mkewe akazimwaga jikoni, ndiye tumpe mtoto?"

Watu wakaguna. Wale waliosema tamu waliangalia chini. Nikasema lakini mmekunywa. Mtu mmoja nyuma akajibu, "Ungesema uongo, shemeji, tungekuwa tumeshalala usingizi wa pombe saa hizi." Wakacheka kweli kweli, hata mimi karibu nicheke.

Baba mkubwa Kasiani alivaa kofia yake. Kisha akasema pombe ni nzuri lakini si ya marehemu. Matanga hayajaisha. Mwezi wa kumi na mbili nilime ulezi mwenyewe, nipalilie, nivune, nipike kwa nafaka tupu. Mwakani baada ya mavuno watakaa tena. Mtoto abaki kwa bibi yake hadi hapo.

Mama mkwe alisema, "Kasiani." Neno hilo moja tu. Hakumwangalia.

Skola alilichukua begi mlangoni akalirudisha ndani. Alikuwa amevaa lile sweta.

Nilikwenda kumuaga Tekla. Nikapiga magoti. Nilitaka kumwambia kwa nini nilisema vile. Akaniuliza, "Sasa baba, kwa nini hukusema ni ya mama?"

Nilimshika mkono. Akauchomoa mkononi mwangu, polepole, akaenda kukaa na bibi.


Jumapili, 7 Julai

Sikwenda kanisani.

Mwalimu kaja. Nilimweleza. Alikasirika, si juu yao, juu yangu. "Neno moja, Yohana! Neno moja lilikuwa linamrudisha mtoto!" Alipiga ukuta kwa kiganja, chokaa ikamshika mkononi. Kisha akaomba radhi. Kisha akaondoka.

Ana haki. Nilimpa Anastazia ukweli ambao hauhitaji tena, nikamnyima Tekla nyumba. Nikiulizwa leo sijui ningejibu nini. Naogopa ningejibu vilevile.


Jumanne, 9 Julai

Shule zimefunguliwa. Mama mkwe kapiga simu jana kupitia ya jirani yake. Kasema Tekla anapigwa na baridi asubuhi, hana sweta la shule. Alikohoa, akakata.

Leo mchana nimeomba ruhusa nikaenda sokoni. Sweta lake la shule ya huku ni la bluu, liko kabatini, safi. Shule ya kule wanavaa la kijani.

Muuzaji kaniuliza saizi. Nimemwonyesha kwa mkono urefu wake, hapa kifuani. Akanipa linalomtosha. Nikamwambia hapana, anipe linalozidi. Mikono imfike vidoleni, ataikunja. Mtoto anakua, na ni mpaka mavuno ya mwakani.

Nimelikunja. Nimelipa nauli ya gari la saa tisa la Maposeni, nimpelekee.